Alama Hamsini na Sita

Mtaa mzima unamwita Karani, na jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye vyeti tu. Kwa miaka ishirini na miwili amekuwa akibisha hodi kwa watu na kuwauliza mambo yao. Amehesabu vichwa, kuku, vyoo, vyandarua na redio. Mwaka mmoja alitumwa kuhesabu milango yenye kufuli, akaihesabu yote, na mpaka leo hajui ilikuwa ya nini. Hakuuliza. Kuuliza ndiyo kazi yake, lakini kazi hiyo huishia kwa wenye nyumba, wanaomtuma hawahusiki.

Ni mwanamke mrefu, mkavu, wa miaka hamsini na miwili, na viatu vyake havijui likizo. Akikaribishwa hukaa pale pale alipoonyeshwa, hata kama ni juu ya ndoo iliyopinduliwa. Huweka ubao magotini, huandika kwa penseli, na kifutio chake amekitoboa akakitundika shingoni kwa uzi, maana vifutio saba vya kwanza vilibebwa na watoto wa watu. Anapouliza hamtazami mtu machoni. Makarani wapya huwafundisha hivyo hivyo: ukimtazama mtu machoni anakuona mgeni, na mgeni lazima afurahishwe. Mtazame kidevu. Kidevu hakina haja ya kumfurahisha mtu.

Kazi iliyokuja mwaka huo ilikuwa mpya hata kwake. Watafiti fulani walitaka kupima jinsi wapenzi na wanandoa wanavyowekeza kwenye afya ya wenzao. Neno walilotumia lilikuwa hilo hilo, kuwekeza, kana kwamba mume ni kiwanja. Walitengeneza fomu yenye pande mbili. Upande wa kwanza ulikuwa na sentensi kumi na nne za "Mimi ninamtendea," na wa pili kumi na nne za "Yeye ananitendea." Ninamkumbusha dawa zake. Ananiamsha nisikose miadi ya kliniki. Ninajua anasumbuliwa na nini mwilini kwa sasa. Kila sentensi ilikuwa na alama, kuanzia sifuri, yaani hata siku moja, hadi nne, yaani siku zote. Anayepata zote upande mmoja anafikisha hamsini na sita. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa maradhi: kila aliyetaja tatizo alipewa kadi ya kumwona daktari bingwa, ambaye angekuja mjini kwa siku tatu tu, kisha aondoke.

Karani alipoisoma mara ya kwanza alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mapenzi yamepata rula," alimwambia Sista.

Sista ndiye aliyepangiwa kutembea naye. Alikuwa muuguzi mstaafu, mnene, mpole, anayeongea taratibu kama mtu anayetafuta mshipa wa kuchoma sindano. Walihitajika wawili kwa sababu kanuni ilitaka mume na mke waulizwe saa ile ile mahali mbalimbali, mmoja ndani na mwingine nje, asiwepo wa kumsikia mwenzake. Kisha fomu mbili ziliwekwa pamoja. Mke akisema anampa mume kitu fulani, na mume naye akasema anakipata, basi kipo. Karani aliipenda kanuni hiyo kuliko zote alizowahi kufundishwa. Watu wawili waliotenganishwa kwa ukuta wakisema neno moja, alikuwa akisema, funga daftari uende zako.

Na kweli, ukuta ulifanya kazi yake. Mwenye bucha alijipa hamsini na sita kamili kwa sababu kila Jumamosi humpelekea mkewe maini. Mkewe, chumba cha pili, alimpa tisa na kueleza kwamba yeye hali maini. Wachumba wawili waliooana majuzi walikaribia kulia walipoambiwa watatenganishwa kwa nusu saa, na pengo lao likatoka alama mbili. Bibi mmoja alimkatia mumewe sifuri kumi na nne bila kupumua. Karani alipofika kwenye geti akasikia anaitwa. "Hebu rudi. Ile ya kunifunika shuka nikiwa na homa, mpe nne. Nisije nikamdhulumu." Karani akafuta, akaandika nne, akapuliza vumbi la kifutio. Hakuona la kumsikitikia mtu hapo wala la kumchekea. Alishaona nyumba nyingi mno.

Nyumba zilichaguliwa kwa tisa tisa. Unaanzia kwenye kona, unahesabu, ya tisa ndiyo yako. Siku walipofika mtaani kwao Karani mwenyewe ndiye aliyehesabu, kwa kidole, na kidole kikatua kwenye mlango wake wa bluu. Akajaribu kuendelea na ya kumi. Msimamizi wao, binti wa umri wa mwanawe, aliyekuja siku hiyo kuangalia kazi, akamkatalia.

"Ya tisa ni ya tisa, mama. Mimi nitakuuliza wewe hapa ndani, Sista aende kwa mzee kazini."

Mzee mwenyewe ni mchora mabango. Mtaa unamwita Herufi, na banda lake la mabati liko barabara kuu, mwendo wa dakika tano. Nusu ya maduka ya mji ule yamesomeka kwa sababu yake. Ni mtu wa maneno machache na mzaha mwingi, vitu ambavyo watu hudhani havikai pamoja. Wameoana miaka ishirini na sita, wamemlea binti mmoja ambaye sasa yuko kwake, na Karani alimchukulia mumewe kama anavyochukulia meza ya jikoni: ipo, imara, na huhitaji kuitazama ili uweke sahani.

Basi akakaa kwenye kochi lake mwenyewe, akaulizwa. Alijibu haraka, maana maswali aliyajua kwa moyo. Upande wa anayomtendea mumewe alipata hamsini na moja. Sentensi ya kumi na moja, ile ya kujua mwenzako anasumbuliwa na nini, hakungoja hata imalizike.

"Nne. Huyu? Akipiga chafya mimi najua kama ni ya vumbi au ya mafua."

Upande wa anayotendewa alimpa Herufi kumi na tisa. Alieleza, bila kuulizwa, kwamba alipofanyiwa upasuaji wa uvimbe mume huyo alikuja wodini mara moja katika siku sita, akasimama mlangoni na mfuko wa machungwa kama mtu aliyekosea chumba. Lakini alijiona mtu wa haki, na mahali pawili palipostahili moja aliandikisha mbili. Sista alirudi kutoka bandani baada ya dakika ishirini, fomu imekunjwa ndani ya bahasha kama inavyotakiwa. Karani hakumuuliza kitu, wala Sista hakusema.

Wiki tatu baadaye aliitwa ofisini. Ofisi ilikuwa chumba cha kukodi juu ya duka la daftari na kalamu, chenye meza mbili, feni moja iliyokata tamaa na maboksi ya fomu mpaka dirishani. Alipanda ngazi akampita Sista chini, ameketi kwenye kidato cha kwanza, anajifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

"Kaa, mama," msimamizi alisema. "Sista nimemwambia asubiri kwanza. Nadhani amepika fomu."

Kupika fomu ni kuijaza bila kumuuliza mtu, na katika kazi hiyo hakuna kosa kubwa zaidi. Mpishi hafukuzwi tu. Jina lake hutumwa kwa wote wanaoajiri makarani.

"Fomu gani?"

"Ya mume wako. Tumeuliza watu mia sita na arobaini. Upande wa 'Yeye ananitendea,' aliyejibu nne mara kumi na nne mfululizo ni mmoja tu. Hata wale maharusi hawakufika. Hamsini na sita, mama. Na wewe umejipa hamsini na moja. Kwa hesabu ya kompyuta hii, hakuna mke mji huu anayemtunza mumewe kukuzidi."

Karani alisikia joto likimpanda kifuani, na tusimsitiri: lilikuwa joto la furaha. Katika miaka ishirini na sita mtu yule hakuwahi kumwambia neno la sifa lililozidi "chumvi imekaa sawa." Kumbe moyoni alikuwa na hamsini na sita. Akajiweka sawa kwenye kiti.

"Sista hawezi kupika fomu," alisema kwa ukarimu wa mtu mwenye furaha. "Sista hajui kupika hata chai. Hebu niione."

"Kanuni hairuhusu."

"Naijua kanuni."

Msimamizi akafikiri. "Basi nitakusomea. Nikikusomea sijakuonyesha." Akaivuta fomu, akaanza. "Namba sita. Mwenzi wangu huacha shughuli zake akanipeleka hospitali. Nne. Ni kweli?"

"Nilimpeleka. Alijichoma msumari."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

"Hiyo ni moja, mama, siyo nne. Namba tisa. Ndani ya mwaka huu mwenzi wangu amehakikisha nimepimwa macho, meno au presha. Nne."

Karani akatikisa kichwa.

"Huyu hajapimwa kitu tangu nimfahamu."

"Ndiyo maana nasema Sista amepika." Msimamizi akaifunua fomu nyingine, akapitisha kidole. "Na wewe kwenye namba tisa yako ulijipa tatu."

Hilo lilisemwa bila ubaya wowote, kwa sauti ya mtu anayesoma namba. Karani alitamani angekuwa amesemwa kwa ubaya, apate pa kushikia hasira. Furaha yote ilimshuka. Hakukumbuka hata alikuwa anafikiria nini aliposema ile tatu. Nadhani hakuwa anafikiria chochote, alikuwa anajisifia kwa mazoea, kama watu wote aliowahi kuwasikiliza akitazama videvu vyao.

"Ukurasa wa mwisho kasema nini?" aliuliza.

"Tatizo la kiafya: hakuna. Zote hakuna."

"Niachie mpaka kesho. Nitamuuliza mwenyewe."

"Kesho saa sita mchana nafunga orodha ya kadi za daktari, na fomu zinaondoka. Ukichelewa, fomu ya mzee naitupa na Sista naandika jina lake."

Alishuka ngazi. Alimgusa Sista begani bila kusimama, akatoka barabarani, na kwa kuwa maneno "macho, meno au presha" yalikuwa bado yanamzunguka kichwani, alijikuta anayatazama mabango. Aliyapita kila siku; ni kazi ya mumewe, nani husoma kazi ya mumewe? La zamani, la fundi viatu, lilikuwa limekaa sawasawa, herufi zimejaa ubao kutoka ukingo hadi ukingo. La duka la dawa, la mwaka jana, lilianza mbali kidogo na ukingo wa kushoto. La vifaa vya ujenzi, la miezi miwili iliyopita, lilikuwa na nafasi tupu upande wa kushoto ya kutosha kuchora mlango, na upande wa kulia herufi za mwisho zimebanana kama watu kwenye foleni ya maji. Mwenye duka alikuwa amesema ni mtindo mpya. Karani mwenyewe, jikoni, alikuwa amemtania Herufi kwamba anazeeka, mkono umekuwa mvivu. Naye alicheka, akasema mkono unadai pensheni.

Hapo ndipo alipoogopa. Akakaza mwendo.

Bandani Herufi alikuwa amesimama mbele ya ubao mpya, anachanganya rangi nyekundu kwenye kopo na kuimba kwa pua. Karani aliingia akasimama upande wake wa kushoto, hatua mbili tu kutoka begani mwake. Hakusema kitu. Huo ndio uliokuwa udadisi wake wa kwanza katika ndoa, na aliufanya vizuri: alingoja. Herufi aliendelea kuimba. Akainua mkono, akaupunga taratibu usawa wa sikio la mumewe. Wimbo ukaendelea. Akapunga tena. Herufi akachovya brashi, akaigonga kwenye ukingo wa kopo, akaanza kupiga mstari.

"Baba," Karani alisema.

Brashi ikaruka. "Ala! Umetokea wapi wewe?"

"Niko hapa muda mrefu."

"Unanyata siku hizi? Mke wangu amekuwa paka." Alikuwa ameshageuza kichwa chote, mpaka kidevu kikagusa bega, ndipo akamwona. Karani aliliona geuko lile na akakumbuka ameliona mezani, mlangoni, kanisani kwenye harusi ya binti yao, mara nyingi, na kila mara alidhani ni shingo ngumu.

Alivuta kopo tupu la rangi akalikalia, na mara hii alimtazama mtu machoni.

"Jicho la kushoto linaona nini?"

"Linaona mke mzuri."

"Herufi."

Hakuwa akimwita hivyo. Jina hilo lilikuwa la mtaa. Mzaha ukamwisha mwanamume yule, akaweka brashi chini.

"Linaona kidogo," alisema. "Katikati. Pembeni pamejaa kama ukungu. Lilianza taratibu, nikadhani ni mvuke wa mafuta ya taa ninayochanganyia rangi. Halafu nikadhani ni umri."

"Tangu lini?"

"Miezi minane. Labda tisa."

"Na la kulia?"

"La kulia linafanya kazi ya mawili."

Karani alihesabu kimya kimya. Miezi minane, labda tisa. Alikuwa amepika, amefua, amemkumbusha kuvaa sweta, amemsema kuhusu sigara mpaka akaziacha, na mambo hayo yote yalikuwa ya kweli na yalistahili alama zake. Lakini kuna mtu alikuwa anapofuka kwenye meza yake naye anamsogezea chumvi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeandika."

"Ningeandika?"

"Wewe kila kitu unaandika, mama. Ungeniandika fomu, ungeniambia nisipande ngazi, nisishike brashi. Mchora mabango kipofu! Nani angenipa ubao? Nilisema nimalize kwanza kazi hizi mbili tatu."

"Na kwa Sista? Sista alikuja hapa na ukurasa mzima wa maradhi. Ukamwambia huna kitu. Ukanipa mimi nne tupu kumi na nne. Kwa nini?"

Herufi akamtazama kama anayemshangaa. "Si alikuwa mkaguzi?"

Katika kazi yake, kila baada ya hesabu huja mtu wa pili, mkaguzi, anayepita nyuma ya karani na kuwauliza watu: je, karani alifika, alikuwa na adabu, aliuliza yote? Wakaguzi walishafika hata nyumbani kwao, na kwa miaka ishirini na miwili Herufi alikuwa na jibu moja kwa wote, alilolitoa kabla swali halijaisha: yote sawa, hakuna tatizo, mke wangu ni namba moja. Siku ile akatokea mwanamke mwenye bahasha ya ofisi, akasema, shemeji, nina maswali machache kuhusu mkeo. Aambiwe nini zaidi?

"Aliniuliza kama unanipeleka hospitali," Herufi alisema. "Nikajua wanakutafutia sababu. Mtu anayepima nyumba za wenzake, yake ikutwe na sifuri, si wanakufukuza? Aliniuliza mara mbili, 'Shemeji una uhakika?' Nikamwambia wewe andika nne, usinipotezee muda, rangi inakauka."

Alisema hayo kwa fahari kidogo, kama mtu aliyemlinda mkewe dhidi ya mbwa. Karani hakujua acheke au alie. Alichojua ni kwamba kanuni aliyoipenda kuliko zote ilikuwa imemchezea. Watu wawili walitenganishwa kwa ukuta wakasema neno moja, na lote lilikuwa uongo: mmoja alidanganya kwa majivuno, mwingine kwa kumpenda. Kompyuta ikajumlisha, ikawapa nafasi ya kwanza.

"Vaa shati safi kesho," alimwambia. "Tunaenda ofisini."

Herufi alikataa kwanza. Alisema bango la kinyozi limebaki nusu. Karani alisema kinyozi atanyoa bila bango. Herufi akauliza itakuwaje kuhusu kazi yake, na Karani, ambaye swali hilo lilikuwa limemkaa kooni tangu mchana, alijibu kwamba kazi zipo. Hakuwa na uhakika. Fomu ya karani ikithibitika kuwa ya uongo, karani huondolewa. Yeye mwenyewe ndiye aliyewasomea wapya kifungu hicho, akiwa amesimama, kwa sauti ya juu.

Saa nne asubuhi walikuwa mbele ya meza ya msimamizi. Sista alikuwepo, amevimba macho. Karani alieleza habari za mkaguzi kwa ufupi, na Sista, maskini, akacheka huku bado analia.

"Basi tunaandika upya," msimamizi alisema. "Ya mzee."

"Na yangu," Karani alisema.

"Yako haijalalamikiwa, mama."

"Andika."

Wakatenganishwa kama kanuni inavyotaka, Herufi akaenda ngazini na Sista, Karani akabaki ndani. Safari hii aliulizwa kwa dakika arobaini. Sentensi nyingine alizishikilia: dawa za kidonda cha msumari alimkumbusha kweli, sigara alizipigania kweli. Nyingine alizifikiria, akashusha. Ilipofika ya tisa alisema sifuri. Ya kumi na moja, ninajua anasumbuliwa na nini mwilini kwa sasa, alisema sifuri. Akapata ishirini na nane. Upande wa anayotendewa, namba aliyompa Herufi ilipanda kutoka kumi na tisa, kwa sababu aliomba aulizwe tena ile ya wodini. Alikuwa amekumbuka kwamba zile siku tano nyingine mtu fulani alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, wauguzi walimwambia, na yeye hakutaka kuamini kwamba mtu huweza kuja hospitali akaogopa kuingia.

Msimamizi alijumlisha mara mbili. Kisha akaweka kalamu chini.

"Unajua kifungu."

"Nakijua."

"Siwezi kukurudisha majumbani, mama. Si kwa utafiti huu. Nitaandika kwamba ulijisahihisha mwenyewe, lakini siwezi."

"Mpe mzee kadi," Karani alisema. "Na jina la Sista usiliandike."

Kadi ilikuwa ya rangi ya waridi, namba mia moja thelathini na nane, siku ya tatu. Zilibaki mbili tu baada yake. Karani aliitia kwenye sidiria, mahali ambapo hata mwizi mwenye adabu hafiki, akampa mumewe mkono kushuka ngazi, na mumewe akaukataa mpaka kidato cha nne, kisha akaushika.

Daktari bingwa alikuwa mtu mfupi mwenye haraka. Watu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, kila mmoja na kadi yake, na chumba chake kilikuwa na giza la pazia. Alimwekea Herufi kidevu kwenye chuma, akampulizia jicho kwa mashine, akamwangazia, akamwonyesha vitone vya mwanga na kumwambia aseme akiviona. Karani alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni. Aliviona vitone vyote. Alimsikia mumewe akinyamaza kwenye vingi, na kila kimya alikihesabu, kwa kuwa hajui kuketi mahali bila kuhesabu. Alipofika ishirini na moja akajilazimisha kuacha.

"Presha ya macho," daktari alisema akiwasha taa. "Hii haiumi, ndiyo ubaya wake. Jicho la kushoto limeharibika sana, mzee, na kilichopotea hakirudi. Sitakudanganya. La kulia limeguswa, lakini bado. Nikikupa dawa ya matone, ukaitia asubuhi na jioni, kila siku, bila kuruka hata siku moja, jicho hilo utakaa nalo."

"Ningekuja mapema?" Herufi aliuliza.

"Ungekuja miezi sita iliyopita tungekuwa tunazungumzia macho mawili."

Daktari alivuta kitabu chake cha dawa, akamtupia Karani jicho la haraka, akarudi kwa mgonjwa.

"Unaishi na mkeo? Yeye hakugundua?"

"Aligundua," Herufi alijibu pale pale, hata swali halijatua. "Yeye ndiye aliyegundua mapema, ananisumbua kila siku nije. Mimi ndiye mbishi. Huyu mke wangu, daktari, ni namba moja."

"Sikugundua," Karani alisema. "Andika hivyo. Mke hakugundua."

Daktari hakuwa anaandika habari za mke. Alikuwa anaandika jina la dawa, na aliendelea kuliandika. Herufi alinyoosha mkono pembeni kumtafuta mkewe amnyamazishe, akapapasa hewa. Karani alikuwa amekaa kushoto kwake. Akainuka, akakibeba kiti chake, akazunguka nacho nyuma ya mgongo wa mumewe, akakiweka upande wa kulia, akakaa tena mahali ambapo angeonekana.